Vidole vya Biharusi Haviponi kwa Pakiti ya Kuziba Utumbo



Leo hatuzungumzii singo wala rangi ya shela. Tunazungumzia zile pakiti za unga na chupa za mitishamba zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwa jina la "kuziba utumbo unaovuja". Biharusi anaambiwa aanze kuzinywa miezi mitatu kabla ya ndoa. Ngozi itang'aa, tumbo litaingia ndani, na yale maumivu ya vidole na magoti anayoyaficha yataondoka, kwa sababu eti chanzo cha baridi yabisi ni utumbo, ukishauziba umepona.

Sisi tunasema waziwazi: hiyo si dawa ya baridi yabisi. Anayeiuza hajui anachokiuza, au anajua na ananyamaza. Na kila mwezi ambao mwanamke anakunywa unga huo badala ya kwenda hospitali, ni mwezi ambao viungo vyake vinaliwa kimyakimya.

Sisi ni nani hata tuseme

Sisi ni mafundi cherehani na wafanyabiashara wa Nambis, Mbulu, mkoani Manyara. Wengi wenu hamjafika. Ni huku juu kwenye baridi, kwenye ngano na vitunguu saumu. Waislamu huku si wengi kama huko visiwani, lakini tupo, tunaoana, tunapigiana dufu, na magauni tunayoshona mengine yanapanda basi mpaka Dar es Salaam kisha boti mpaka kwenu Unguja. Njia ileile inayoshusha magauni yetu pwani ndiyo inayopandisha pakiti hizo kuja huku. Ndiyo maana tunawaandikia nyinyi.

Elimu yetu ni ya sekondari na kozi ya ushonaji. Sisi si madaktari na hatujifanyi. Lakini kazi yetu ni kushika mikono ya wanawake. Tunapima bega, kiwiko, kifundo cha mkono, tunajua mkono wa msichana wa miaka 24 unavyotakiwa kuwa. Tumewahi kupima maharusi wenye vidole vilivyovimba mikono yote miwili, wasioweza kufunga vifungo vya gauni la kujaribia, na ukiuliza unaambiwa, "Ni baridi tu ya Mbulu, halafu kuna dawa ya utumbo natumia." Na sisi wenyewe tunaishi kwa vidole. Fundi asiyeweza kushika sindano hana biashara. Kwa hiyo jambo hili kwetu si la umbea. Tuliuliza, tukasoma, tukawauliza wahudumu wa afya, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Ukweli uliomo ndani ya maneno yao

Tuanze kwa haki. Jambo la utumbo kupenyeka halikutungwa na wauza pakiti. Lipo, na wataalamu wanalichunguza kweli.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita sita hivi, na ngozi yake ya ndani ni safu moja tu ya seli. Sisi tunaifikiria kama vipande vya kitambaa vilivyoungwa kwa mshono. Ukuta huo ndio unaoruhusu chakula kilichosagika kuingia kwenye damu, na mshono huwazuia bakteria wabaki upande wao. Tofauti na mshono wetu, huu uko hai: unalegea na kukaza wenyewe, na seli zake hubadilishwa na mpya kila baada ya siku chache. Mwaka 2000 Alessio Fasano na wenzake huko Maryland, Marekani, walieleza kuhusu protini waliyoiita zonulini, inayohusika na kulegeza mshono huo. Ukilegea kupita kiasi, mabaki ya bakteria huweza kupita, na kinga ya mwili ikaamka kama askari waliosikia mlango umevunjwa.

Baridi yabisi yenyewe ni kinga ya mwili iliyokosea adui. Badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia utando wa ndani wa viungo. Unavimba, kisha gegedu na mfupa vinaanza kulika. Wataalamu wanashuku kwamba kwa baadhi ya wagonjwa vurugu huanzia mbali na kiungo: kwenye fizi, mapafu au utumbo. Mwaka 2013 watafiti wa New York waliona bakteria wa utumboni aitwaye Prevotella copri amezidi kwa wagonjwa wapya wa baridi yabisi. Mwaka 2020 watafiti wa Ujerumani waliwapa panya dawa ya kukaza mshono wa utumbo, iitwayo larazotaidi, kabla ugonjwa wa viungo haujaanza, na ugonjwa ukaja kwa upole zaidi.

Huo ndio ukweli, nao unavutia. Lakini soma tena. Panya, si watu. Kabla ugonjwa haujaanza, si baada ya vidole kuvimba. Na dawa yenyewe ilitoka maabara, si kwenye pakiti ya unga wa majani. Hata larazotaidi hiyo, ilipojaribiwa kwa watu wenye ugonjwa wa seliaki, ambao utumbo wao hudhurika kwa ngano, majaribio yake makubwa yalisimamishwa mwaka 2022 baada ya hesabu za katikati kuonyesha hayana matumaini ya kutosha.

Na huyo Prevotella msimwogope kwa jina. Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa bakteria wa utumboni wa Wahadzabe, majirani zetu wa bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi, na jamii ya Prevotella ilikutwa kwao kwa wingi. Ni bakteria wanaoishi ndani ya watu wengi wazima wa afya. Aliyekuambia ana orodha ya vyakula vya kumfukuza bakteria huyo ili upone viungo, amekuuzia orodha.

Huku Mbulu utumbo umepimwa kweli

Wauzaji hupenda kusema madaktari "hawataki mjue" habari ya utumbo unaovuja. Uongo. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ipo huku huku Mbulu, na watoto wa vijiji vinavyoizunguka wamepimwa jambo hilohilo.

Kati ya mwaka 2009 na 2014 Haydom ilikuwa moja ya vituo vinane duniani vya utafiti ulioitwa MAL-ED, pamoja na vituo vya Bangladesh, Brazil, India, Nepal, Pakistan, Peru na Afrika Kusini. Walifuatilia watoto tangu kuzaliwa mpaka miaka miwili, wakitaka kujua kwa nini mtoto anakula lakini hakui. Kipimo chao kilikuwa hivi. Mtoto anapewa maji yenye sukari za aina mbili, manitoli na laktulosi. Manitoli ni ndogo, inapita kwenye utumbo mzima bila tabu. Laktulosi ni kubwa, haipiti vizuri ila pale ukuta ulipodhurika. Kisha mkojo wa mtoto unakusanywa kwa saa kadhaa na maabara inalinganisha kiasi cha sukari hizo mbili.

Huo ndio upimaji, dada zetu: maji, mkojo, saa za kusubiri, na maabara. Sasa ulinganishe na kile kifaa cha kushika mkononi kilichounganishwa na kompyuta, kinachodai kupima ini, figo, utumbo na hata "sumu" kwa dakika moja, kisha kinachapa kurasa nyingi zenye rangi. Kifaa hicho hakiwezi kujua chochote kuhusu ukuta wa utumbo wako. Kinachojulikana ni kwamba ukishachapiwa karatasi, aliyekuchapia ana pakiti ya kukuuzia papo hapo. Hata vile vipimo vya damu vinavyouzwa nje kwa jina la zonulini, watafiti walionyesha mwaka 2018 kwamba kipimo kimoja kinachotumika sana kilikuwa kinashika protini nyingine.

Haydom haikuishia kwenye kupima. Kuanzia mwaka 2017 watoto wachanga 1,188 wa huku waliingia kwenye majaribio mengine yaliyoitwa ELICIT. Kwa kura, baadhi walipewa dawa za kuua vijidudu vya tumboni, baadhi vitamini B3, baadhi vyote, na wengine vidonge visivyo na dawa ili walinganishwe. Matokeo yalitoka mwaka 2021: walipofika miezi 18, urefu wa makundi hayo haukutofautiana. Huko Kenya na Zimbabwe walijaribu vyoo bora, maji na kunawa mikono, na urefu wa watoto haukuongezeka kwa hayo pekee.

Yale yalikuwa majaribio ya ukuaji wa watoto, si ya baridi yabisi ya wanawake, na hatutaki kuyachanganya. Tunayataja kwa sababu moja. Watu wenye maabara, fedha, na zaidi ya watoto elfu moja wamehangaika na tumbo la mtoto wa Mbulu kwa miaka, kisha wakatoka hadharani wakasema, "Hili halikufanya kazi." Muuza pakiti hajajaribu kwa mtu hata mmoja wa kulinganisha naye, lakini ana uhakika wa asilimia mia.

Nafaka kavu juu, nafaka mbichi chini

Mnaikumbuka hadithi ya sokoni Madina, iliyomo katika Sahih Muslim. Mtume wetu (s.a.w.) alipita kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, akakuta umande. Mwenye mali akajitetea kwamba imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke juu watu waione, na akajitenga na mwenye kughushi.

Biashara ya kuziba utumbo ni rundo lile. Juu wameweka nafaka kavu: neno la kitaalamu, jina la chuo cha Marekani, picha ya utumbo. Chini wameficha iliyolowa: unga ambao haujajaribiwa kwa mgonjwa yeyote wa baridi yabisi.

Na wengine wanaongeza ghushi nyingine juu ya ile, ya dini. Wanabandika ule msemo wa tumbo kuwa nyumba ya maradhi na kuandika chini yake "Hadithi ya Mtume". Si hadithi. Ibnul Qayyim alieleza karne nyingi zilizopita katika Zadul Maad kwamba hayo ni maneno ya Al-Harith bin Kalada, tabibu wa Waarabu, na haifai kumnasibishia Mtume. Na ajabu ni kwamba tabibu huyohuyo ametajwa katika Sunan ya Abu Daud: Saad alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza amwendee Al-Harith kwa kuwa ni mtu anayefanya utabibu. Wanachuoni wamezungumza kuhusu isnadi yake, lakini maana yake inajulikana katika dini yetu. Ukiugua, unatafuta anayejua. Na imepokewa pia kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, yeye ndiye mwenye dhamana ya madhara. Dada unayeuza pakiti, hiyo dhamana iko shingoni mwako.

Hatusemi habasoda mbaya, wala asali, wala tangawizi. Tunavila na tunavipenda. Tunachokataa ni kumwambia mtu mwenye ugonjwa unaokula mifupa kwamba hivyo vinatosha.

"Lakini mimi nilipona"

Hili ndilo jibu tunalorushiwa kila tukisema. Kuna mambo mawili ya kulijibu.

La kwanza, baridi yabisi hupanda na kushuka yenyewe. Kuna wiki unashindwa kukamua nguo na kuna wiki unaosha zulia. Mtu hununua dawa akiwa amezidiwa, kwa hiyo mara nyingi ahueni hufuata hata angekunywa maji ya kisima. Uvimbe unaweza kupungua kwa muda huku mfupa ukiendelea kulika.

La pili linatisha zaidi. Dawa ya "asili" inayoondoa maumivu makali ndani ya siku tatu, ishuku. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza zaidi ya mara moja kwamba bidhaa za viungo zenye jina la Artri King, zilizouzwa kama virutubisho vya asili, zilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye kibandiko. Deksamethasoni ndiyo ile "deksa" wengine wanayomeza ili wanenepe kabla ya harusi. Inashusha uvimbe haraka kweli, lakini ikitumiwa kiholela inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, na aliyeitumia muda mrefu akiiacha ghafla mwili unaweza kuzimika. Kwa hiyo kama umekunywa unga wa namna hii kwa miezi, usiutupe tu ukanyamaza. Nenda na pakiti yenyewe hospitali, umwonyeshe daktari.

"Dawa za hospitali ndizo zinazotoboa utumbo"

Hapa wamesema nusu ya kweli, na nusu hiyo tuichukue. Mwaka 1984 Ingvar Bjarnason na wenzake huko Uingereza walipima wagonjwa wa baridi yabisi. Waliokuwa wakitumia dawa za maumivu za kundi la diklofenaki na ibuprofeni walikuwa na utumbo unaopenyeka na wenye uvimbe. Wasiozitumia, utumbo wao ulikuwa wa kawaida.

Fikirini maana yake. Kwa wagonjwa wale, uvujaji ulifuatana na vidonge vya maumivu. Na sisi wanawake vidonge hivyo tunavila kama njugu. Kichwa, diklofenaki. Mgongo wa cherehani, diklofenaki. Tumbo la mwezi, ibuprofeni. Duka la dawa haliulizi cheti, na sisi hatuulizi figo zetu. Halafu mtu huyohuyo anameza diklofenaki asubuhi na unga wa kuziba utumbo jioni. Ni sawa na kushona mshono kwa mkono mmoja na kuufumua kwa mwingine.

Lakini dawa za maumivu si matibabu ya baridi yabisi. Zinatuliza tu. Yapo makundi mengine ya dawa yanayozuia ugonjwa wenyewe usile kiungo, na methotrekseti ndiyo inayotumika sana duniani. Humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuikosea na kuimeza kila siku kunaweza kuua. Hutolewa pamoja na vidonge vya foliki na vipimo vya damu vya kufuatilia ini na chembe za damu. Haina picha nzuri wala ushuhuda wa kwenye simu. Lakini hiyo ndiyo iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa kweli kwa miongo mingi.

Kwa nini biharusi hasa

Kwa sababu maradhi haya yametuchagua sisi. Kwa kila mwanamume mwenye baridi yabisi kuna wanawake wawili hadi watatu. Ugonjwa wa lupasi, ambao pia ni wa kinga ya mwili kushambulia mwenyewe, wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, na wengi huanza katika umri wa kuolewa na kuzaa. Huo ndio umri ambao mwanamke anafundishwa kuficha. Mama anasema usitembee kwa kuchechemea mbele ya mawifi. Shangazi anasema umerogwa na aliyekosa posa. Somo, badala ya kusema "mwanangu, vidole hivi twende hospitali," anatoa namba ya muuza pakiti.

Na mfupa hausubiri siku ya ndoa. Mara nyingi kulika kwake huanza ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na tiba inayoanza katika miezi ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa. Pakiti ya miezi mitatu imekuibia sehemu kubwa ya muda huo.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi jikoni. Methotrekseti inadhuru mimba. Mwanamke anayeitumia hapaswi kushika mimba, na lazima aiache mapema kwa mpango wa daktari. Zipo dawa nyingine, kama haidroksiklorokwini, ambazo wajawazito huendelea nazo. Kwa hiyo biharusi mwenye ugonjwa huu anahitaji kukaa na daktari kabla ya nikaha, si baada ya kutapika mara ya kwanza. Ukimficha mumeo mtarajiwa kabisa, utameza dawa ya hatari kwa siri au utaiacha kwa siri, na yote mawili yanaumiza. Hukumu ya nini kisemwe na nani aambiwe, waulizeni masheikh wenu. Sisi tunasema tu kwamba mwanamume anayestahili kukuoa anaweza kusikia neno "baridi yabisi" bila kukimbia, na akikimbia, amekimbia mapema na mahari yake.

Tunachowaomba mfanye

Tazameni mikono yenu. Ukiamka asubuhi vidole vimekakamaa na vinachukua nusu saa au zaidi kulainika, vimevimba na vina joto, ni vidole vya mikono yote miwili, na hali imefika wiki sita, hiyo si baridi ya Mbulu wala upepo wa bahari. Nenda kituo cha afya na uombe rufaa. Visiwani ipo Mnazi Mmoja, huku kwetu ipo Haydom, na juu yake ipo KCMC Moshi na Muhimbili Dar es Salaam. Wataalamu wa viungo nchini ni wachache mno, utasubiri, utachoka. Subiri hivyohivyo. Ukiona na upele wa mashavuni unaochomwa na jua, nywele kunyonyoka, au miguu kuvimba, sema vyote, kwa sababu daktari atafikiria lupasi.

Usiache ngano, maziwa na maharage yote kwa siku moja kwa sababu ya bango. Upo ugonjwa wa kweli wa ngano, ile seliaki tuliyoitaja, lakini unapimwa kabla ya kuacha ngano, kwani ukishaiacha kipimo kinaweza kukudanganya. Kula mboga zako, maharage, mtindi, matunda, na ukumbuke mafundisho ya theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Ni chakula chema kwa utumbo wa kila mtu. Usikiite dawa ya baridi yabisi.

Kwa muuzaji, mwulizeni maswali matatu. Dawa yako imesajiliwa TMDA, au Zanzibar ZFDA, au na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Kipimo kipi kilikuonyesha kwamba utumbo wangu unavuja? Na nisipopona baada ya miezi mitatu, utanirudishia pesa na vidole vyangu? Akikasirika, umeshapata jibu.

Na nyinyi dada zetu mnaouza, hatuwachukii. Tunaijua njaa ya mtaji, tunalijua deni la VICOBA linavyokaa kooni. Lakini uzeni udi, uzeni vitenge, uzeni singo, uzeni hata hiyo habasoda na muiite habasoda. Fundi akikata kitambaa vibaya, mteja anapoteza kitambaa, na tunamlipa. Wewe ukiharibu vidole vya binti wa watu, utamlipa kwa kipi?

Maharusi wetu, Allah awape ndoa zenye utulivu na mikono yenye nguvu ya kubeba watoto wenu. Na anayeumwa leo, asingoje shela iishe kushonwa. Gauni tutalishona hata ukirudi hospitali jioni. Vipimo vyako tunavyo.